Jicho la Pili la Fundi Vitalis

Kanuni ya jicho la pili ilizaliwa kwa bahati mbaya, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa karibu nayo kuliko wengine. Msimu wa kwanza wa tamthilia ya Enzi ya Lumbasi tulikuwa na taa tatu tu. Siku ambayo waziri alitakiwa kumdanganya mfalme, taa moja iliungua, na uso wa waziri ukabaki nusu gizani, jicho la kushoto likionekana na la kulia likiwa halipo. Hatukuwa na nafasi ya kurudia. Mimi ni mhariri wa picha, kazi yangu ni kuunga kinachopatikana. Nikaiunga hivyo hivyo, nikaenda nyumbani kula.

Watazamaji wakaona maana ambayo hatukuiweka. Waliandika kutoka Songea hadi Bukoba wakisifu ujanja wetu, kwamba tumewaonyesha uongo bila kuutaja. Mwanahija, mtayarishaji wetu, mwanamke wa Tanga asiyetupa kitu, akaamuru iwe sheria. Tangu hapo, kwa misimu tisa, katika ufalme wa Lumbasi anayesema kweli humulikwa macho mawili, na anayedanganya humulikwa moja. Mwenye nguvu hupigwa picha kutoka chini, usawa wa magoti yake. Asiye na nguvu hupigwa kutoka juu, utosi ukionekana. Hatukuivunja hata mara moja. Nimeshasikia mke akimwambia mumewe kwenye foleni ya zahanati hapa Mafinga, "Hebu nimulikie jicho la pili, ulikuwa wapi jana?" Mume hakuuliza maana yake. Alijibu.

Msimu wa sita tuliacha kamera za mabegani, tukaletewa Shahidi. Shahidi ni nzi sitini, ndivyo tunavyowaita, vidude vya ukubwa wa kiberiti vinavyoelea juu ya seti kutwa nzima. Nzi hapigi picha. Anachukua mwanga wote unaomfikia kutoka kila upande na kuuhifadhi. Picha yenyewe hutengenezwa baadaye, mezani kwangu: nachagua nisimame wapi, juu au chini, na taa niiwashe upande gani, hata kama siku ile hapakuwa na taa. Nisipochagua, Shahidi anachagua mwenyewe kwa mazoea. Mazoea hayo aliyapata kwa kutazama misimu mitano ya kazi yangu. Kitu kimoja tu hawezi, kubuni kile ambacho mwanga haukukigusa. Mdomo uliofunikwa unabaki umefunikwa.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu daraja lilipoanguka, nzi wote sitini walikuwa hewani.

*

Lilianguka Jumanne saa nne asubuhi. Bupe, binti wa miaka ishirini na minne aliyecheza mjumbe wa mfalme, alikuwa analikimbia kuelekea lango la ngome. Boriti ya katikati ilikatika, akaangukia mawe. Alifariki kabla gari halijafika lami. Bupe alikuwa akiniletea maparachichi kila aliporudi kwao Tukuyu, na nilimpenda. Nasema hivyo mara moja, nisirudie tena.

Boriti ilikuwa ya msonobari mbichi. Hilo halikubishaniwa. Aliyeiweka ni fundi wetu seremala, Vitalis Ngimba, mtu wa miaka hamsini na minane anayepima ubao mara tatu kabla ya kuukata. Aliyeamuru Bupe akimbie ni Danstan Lupembe, anayecheza mfalme, na ambaye siku hiyo ndiye aliyekuwa akiongoza upigaji. Dakika nne kabla, Vitalis alisimama mbele ya kiti cha enzi, Danstan akiwa amekikalia na taji kichwani, kwa kuwa naye alikuwa na sehemu ya kucheza. Danstan aliuliza kama daraja liko tayari. Wote wawili walikubali kwamba aliuliza.

Jibu ndilo lililopotea. Mashine za upepo zilikuwa zinanguruma, sauti haikupatikana, na Vitalis alikuwa na barakoa ya vumbi hadi puani. Katika maelezo yaliyochukuliwa baadaye mbele ya nzi wale wale, Danstan alisema, "Aliniambia tayari." Vitalis alisema, "Nilimwambia bado, boriti ni mbichi, nipe saa mbili niweke nguzo."

Baraza la Ajali Kazini lilitaka picha za tukio na za maelezo yote mawili, ziungwe na mhariri mwenye leseni, zisizidi robo saa. Mhariri mwenye leseni wilayani kwetu ni mimi peke yangu.

*

Mwanahija aliingia chumbani kwangu na vikombe viwili vya chai, jambo ambalo hulifanya akiwa na ombi.

"Umeshaiona?" aliuliza.

"Ndiyo naiangalia."

Nilikuwa sijagusa kitu. Shahidi alikuwa amemwonyesha Danstan kutoka usawa wa magoti, kifua kimejaa kioo cha mtambo, macho yote mawili yanang'aa. Vitalis alionyeshwa kutoka juu, upara wake mbele, mabega yameshuka, na jicho la kulia gizani kabisa.

"Hakuna aliyemwagiza afanye hivi," nilisema.

"Si ndiyo uzuri wake, dada Tusekile. Mtu hakugusa." Alivuta kiti akakaa. "Sheria inakutaka utie sahihi chini ya kauli moja kati ya mbili. Haijaguswa, ama Imerekebishwa kwa uwazi. Wewe tia hiyo ya kwanza, twende zetu. Wazee wa baraza wakiona Haijaguswa hawaulizi tena."

"Vitalis atafungwa."

"Kama kakosa, atafungwa."

"Na kama hakukosa?"

Mwanahija aliutazama uso wa Vitalis kwenye kioo kwa muda. "Kama hakukosa," alisema taratibu, "mbona anaonekana vile?"

Nilimgeukia nione kama anatania. Huyu ndiye aliyeiandika kanuni kwa mkono wake kwenye ukuta wa ofisi, na taa iliyoungua aliitupa jalalani yeye mwenyewe. Hakuwa anatania. Nilikunywa chai yangu nikamwambia nitafikiri.

*

Kesho yake nilimwita Mama Sikitu, mpishi wetu, ambaye hakosi kipindi hata kimoja, nikamketisha mbele ya kioo.

Kwanza nilimwonyesha picha kama Shahidi alivyoitoa. Alitikisa kichwa. "Maskini fundi. Mtu mzuri, lakini kadanganya."

Kisha nikawasawazisha: kamera usawa wa macho kwa wote wawili, mwanga sawa, macho mawili kwa kila mmoja. Hii ndiyo niliyoona ni ya haki. Mama Sikitu aliikodolea mpaka mwisho, akakasirika.

"Sasa wote wanasema kweli? Haiwezekani. Umekosea mahali, mama, hebu angalia vizuri mitambo yako."

Mara ya tatu niligeuza. Vitalis nikamshukia chini, nikamwashia macho mawili. Danstan nikampandia juu, nikamzimia jicho moja. Mama Sikitu alifyonza.

"Kumbe mfalme! Mimi nilimshuku toka zamani huyu."

"Mama Sikitu, maneno ni yale yale mara zote tatu."

"Najua," alisema, akinyanyuka kurudi jikoni. "Lakini mara hii nimeelewa."

Nilikaa na hilo mchana kutwa. Nikiiacha picha kama ilivyo, naapa kwamba sikuigusa, na ni kweli, ilhali kila kilichomo kilitoka mkononi mwangu miaka iliyopita. Nikiisawazisha, wazee watafanya kama Mama Sikitu, wataiona mbovu na kuomba ile ya Shahidi. Nikiigeuza, nitakuwa nimehukumu mimi. Hakuna mahali pa kuweka kamera ambapo si mahali.

*

Nilimfuata Vitalis karakanani. Alikuwa anapiga randa ubao ambao hakuna aliyeuagiza. Nyuma yake kiti cha enzi kilikuwa kimefunikwa turubai.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mama. Karibu, angalia msumari hapo."

Nilimwambia nimekuja kumsikia bila mitambo. Akaweka randa chini, akakaa kwenye kigoda ubavu wake ukiwa mlangoni, akasema, "Nilimwambia bado."

Nilimtazama nikashindwa kuamua. Nimefanya kazi na mtu huyu miaka tisa, nimekula kwake, nimemzika mkewe, na nilikuwa namtazama usoni kama ukurasa wenye maandishi ya kigeni. Nikasema, "Sogea huku kidogo fundi, hapo pana vumbi." Akasogeza kigoda. Jua la mlangoni likamwingia usoni kote.

"Nilimwambia bado," alirudia, na nikamwamini papo hapo.

Nilifurahi. Baadaye, nikiwa njiani, niliona aibu, kwa sababu karakana nzima ilikuwa na vumbi.

Hata hivyo nilikwishaamua. Danstan ni mtu wa kufokea watu, Vitalis ni mtu wa kupima mara tatu; nilijiambia kwamba nakijua kilichotokea, na kwamba kuuwashia ukweli taa si kosa. Nikamwashia Vitalis jicho la pili, nikamzimia Danstan moja. Nikatia sahihi chini ya Imerekebishwa kwa uwazi.

*

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa zamani wa ushirika, pembeni ya msitu wa misonobari. Mwenyekiti alikuwa na wazee wa baraza watatu, na aliyesikilizwa zaidi alikuwa Mwalimu Sabeti Chengula, mama mstaafu, aliyewafundisha kusoma nusu ya waliokuwa ukumbini. Walitazama robo saa yangu mpaka mwisho. Hakuna aliyeuliza nilirekebisha nini.

Danstan aliposimama nikakumbuka kuwa ni mfupi kuliko mimi. Alikuwa amevaa koti la kawaida la kijivu. "Aliniambia tayari," alisema. "Nilimsikia kwa masikio yangu." Sauti ilikuwa ile ile iliyotawala Lumbasi misimu tisa, ila ukumbini pale ilisikika kama ya mtu aliyechelewa kikao.

Baraza lilimwona Danstan ana hatia ya uzembe uliosababisha kifo. Adhabu ingesomwa Jumatatu, na ingeweza kufika miaka saba. Mwalimu Chengula alipopita karibu na Vitalis alimshika mkono. "Ulionekana wazi, baba," alimwambia.

Mwanahija hakunisemesha. Mimi nililala vizuri siku mbili zilizofuata, na nalikumbuka hilo kwa uchungu.

*

Jumamosi asubuhi Vitalis alinipigia simu niende seti. Nilimkuta ngomeni, kiti cha enzi kimerudishwa mahali pake, turubai limetolewa. Alikuwa amewasha taa moja tu, ya nyuma ya kiti.

"Simama hapo, mama. Hapo hapo, kwenye alama."

Nilisimama. Akapanda ngazi tatu, akakaa. Vitalis ni mtu mwembamba na shati lake lilikuwa limechanika kwapani, lakini kutoka pale chini, mwanga ukiwa mgongoni mwake, nilijikuta nimeshusha macho.

"Umeona?" alisema. "Hiki nimekijenga mwenyewe. Ni plaiwudi na gundi. Ngazi ya tatu nimeipandisha kuliko zingine, mlivyoniambia, ili anayesimama hapo ajione mdogo. Naujua kila msumari wake."

"Kwa nini unanionyesha, fundi?"

"Siku ile nilikuja kumwambia bado. Maneno nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Akaniuliza, daraja tayari? Nikamtazama juu, taa ipo nyuma ya taji. Nikasema, tayari, mtukufu."

Nilitoka kwenye alama.

"Ulimwita mtukufu?"

"Nilimwita mtukufu. Mtu niliyekula naye maharage jana yake, akamwagikiwa mchuzi nikamfuta. Nikageuka mbio nikachukue nguzo, nikajua nitaiwahisha kabla hawajaanza. Nilipofika stoo nikasikia kelele."

"Na maelezo uliyotoa?"

"Niliogopa jela, mama. Nilidanganya. Halafu pale barazani nikajiona kwenye ile picha yako, nimekaa vile, macho yanawaka. Nikajiamini. Nilirudi nyumbani nikijua kabisa kuwa nilimwambia bado. Imenichukua siku mbili kukumbuka."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa dakika moja hivi, kisha nikajikasirikia mimi, na hiyo haijaisha. Kwa mara ya kwanza tangu taa ile iungue, jicho la pili lilikuwa limepewa mwongo, na aliyempa alikuwa mimi, wala hakuna mashine ya kusingizia.

"Sitaki mwenzangu afungwe kwa maneno yangu," Vitalis alisema. "Bupe anatosha. Nipige picha niseme."

"Hapana," nilimwambia. "Picha basi. Jumatatu tutakwenda kwa miguu yetu, utasimama utasema. Na mimi nitasema nilichofanya."

Alishuka ngazi tatu polepole, akishikilia mkono wa kiti, na alipofika chini alikuwa Vitalis tena.

*

Jumatatu ukumbi ulijaa. Danstan alikaa mbele katikati ya askari wawili, bila kugeuka. Mwenyekiti, kabla ya kusoma adhabu, aliuliza kama kuna mwenye neno, kama utaratibu unavyotaka. Vitalis akanyanyua mkono. Alielekezwa kwenye kiti cha mashahidi.

Nilikuwa nimefurahia kwamba ukumbi ule hauna taa zetu. Nilisahau kuwa una madirisha. Yako upande mmoja tu, upande wa msitu, na kiti cha mashahidi kimewekwa ubavu kwao tangu enzi za ushirika. Aliyekiweka alitaka tu kuacha nafasi ya kupita. Vitalis alikaa, na jua la saa tatu likamshika upande wa kushoto. Upande wa kulia ukabaki kivuli kitupu.

Alisema yote. Alitaja boriti, kiti, taji, na neno mtukufu, ambalo watu wachache walilicheka. Alisema aliogopa, akadanganya, na kwamba Danstan alisema kweli tangu mwanzo. Hakutetemeka. Nadhani sijawahi kusikia mtu akisema kweli kwa uwazi namna ile, katika tamthilia wala nje yake.

Wazee wa baraza walimtazama. Niliwaona wakimtazama, na nilijua wanaona nini, kwa sababu ni mimi niliyewafundisha kukiona. Mzee mmoja alimnong'oneza mwenzake. Danstan alikuwa amegeuka sasa, mdomo wazi kidogo, na tumaini lake lilikuwa gumu kulitazama.

Mwalimu Chengula aliinama mbele. Hakuwa mkali. Alizungumza kama anavyozungumza mwalimu na mtoto anayempenda aliyeletwa kwake na wakorofi.

"Nani amekutuma, baba?"

"Hakuna, mwalimu. Nimekuja mwenyewe."

"Wamekutisha? Tuambie tu. Jamaa zake Danstan?"

"Hapana. Nilivyosema ndivyo ilivyokuwa, mwalimu."

"Siku ile ulisema vingine, na tulikuona." Alisema hilo kwa huruma. "Leo hatukuoni."

Vitalis hakuelewa. Alinitafuta kwa macho kwenye viti vya watu, akanipata, na ukumbi mzima ukafuata anapotazama. Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa niende nikakigeuze kiti chake kuelekea dirishani. Hatua nne tu. Miguu ilikwishaanza kujipanga. Ningekigeuza, na wangemwamini, kama nilivyomwamini karakanani alipokuwa akidanganya.

Sikukigeuza. Nilisimama pale nilipokuwa.

"Picha ile niliipanga mimi," nilisema. "Naitwa Tusekile Mwandemele, mhariri. Nilimwashia fundi macho mawili bila kujua ukweli, nikamzimia Danstan moja. Mliyemwona siku ile ni kazi ya mkono wangu. Huyu aliyekaa hapo ndiye Vitalis."

Mwalimu Chengula alivua miwani, akaipangusa kwa khanga, akaivaa tena, akakunja uso akinitafuta. Nilikuwa nimechagua kiti cha pembeni tangu asubuhi, cha karibu na msitu, na dirisha lilikuwa mgongoni kwangu. Kwa pale walipokaa wao, sikuwa na jicho hata moja.